Kuvuka Kwenda Unguja na Watoto Wadogo: Mwongozo wa Boti, Ufukwe na Mji Mkongwe

Kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, ndugu na marafiki wanaoishi mikoani hunipigia simu wakiwa na maswali yale yale: je, mtoto wa miaka miwili anaweza kupanda boti, atatapika au hatatapika, tulale mjini au ufukweni, na bahari ina hatari gani kwa mtoto ambaye hajawahi kuiona? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike. Mwongozo huu unamhusu mzazi au mlezi anayevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti ya mwendo kasi, akiwa na watoto wa umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6, kwa safari ya siku tatu hadi tano. Mwenye mtoto mchanga kuliko hapo, ushauri wangu ni kwamba asubiri kidogo, kwa kuwa joto, jua na kukosa usingizi humchosha kichanga, na kichanga aliyechoka hamwachi mtu yeyote afurahie safari.

Mahitaji kabla ya kuanza

Nyaraka ndizo za kwanza. Beba kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya kila mtoto, pamoja na nakala zake katika begi lingine. Kadi ya kliniki na kadi ya bima ya afya zisiachwe nyumbani. Ikiwa unasafiri na mtoto asiye wako, kama vile mpwa au mtoto wa jirani, omba barua fupi yenye sahihi na namba ya simu ya mzazi wake. Kwa wageni wasio Watanzania, wakiwamo watoto wa ndugu zetu wa ughaibuni wenye pasipoti za kigeni, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ipo bima ya lazima ya kuingia Zanzibar inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na mtu mzima huilipia dola 44 za Marekani. Ni vyema ikashughulikiwa mapema kwa njia ya mtandao kuliko kuhangaika nayo bandarini huku mtoto analia.

Katika mkoba wa dawa weka paracetamol ya maji pamoja na bomba lake la kupimia, kipimajoto, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), vidonge vya zinki, plasta, dawa ya kusafishia vidonda na kibano kidogo cha kutolea miiba. Kabla ya kuondoka, mwulize mfamasia au daktari dozi ya paracetamol kwa uzito wa mtoto wako wa sasa, uiandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye chupa. Saa 8 za usiku katika chumba cha ugenini si wakati wa kupiga hesabu.

Vingine ni hivi: nepi za siku moja zaidi ya ulizokadiria, mbeleko au khanga mbili imara, kofia pana, fulana za mikono mirefu za kuogea, losheni ya kuzuia jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, dawa ya mbu inayofaa watoto, chandarua, yeboyebo kwa kila mtoto, sweta moja kwa kila mtoto (utaona sababu yake ndani ya boti) na jaketi okozi la saizi ya mtoto ukiweza kulipata. Usifungashe vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa maana imepigwa marufuku pande zote mbili za Muungano. Gari la kusukuma mtoto liache nyumbani. Vichochoro vya Mji Mkongwe na mchanga wa pwani vitaligeuza mzigo mwingine wa kubeba.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia upepo na mwezi

Wengi wetu hupanga tarehe kwa kuangalia mwezi wa mshahara. Mwenye watoto wadogo auangalie pia mwezi wa angani.

Upepo wa kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na katika Juni, Julai na Agosti mkondo wa Zanzibar huweza kuchafuka sana. Kaskazi huvuma kuanzia karibu na Desemba hadi Machi, na bahari huwa na joto na utulivu wa wastani. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha bahari shwari, hasa Oktoba na Novemba, ingawa mvua za vuli zinaweza kukukuta. Ukilazimika kusafiri wakati wa likizo ya Juni, usighairi safari. Panda tu boti ya asubuhi, kwa sababu mara nyingi upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda.

Kisha tazama maji. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, ambapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufikia karibu mita 4 na mikondo huwa na nguvu. Siku hizo maji hukupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 alasiri. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na mikondo hulegea. Kwa mtoto anayeingia baharini mara ya kwanza, mimi huchagua siku za maji mafu, kwa kuwa kina hakibadiliki sana na unaweza kuoga saa unayoitaka wewe, si ile inayotakwa na bahari. Majedwali ya kujaa na kupwa yapo mtandaoni, na mvuvi yeyote utakayemkuta pwani atakwambia bila jedwali.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kulala kulingana na umri wa mtoto

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe, ina uwanda mpana ambao maji hukupwa na kwenda mbali mno, yakiacha vidimbwi na mchanga mtupu. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ambaye furaha yake ni kuchota maji na kufukuza kaa, hapo ni peponi. Kaskazini, yaani Nungwi na Kendwa, maji hayakimbii hivyo na mtu huoga karibu wakati wote, lakini kina huanza karibu zaidi na ufuko. Kwa watoto wanaotembea lakini hawajui kuogelea, ninapendelea mashariki. Kwa familia yenye mtoto wa kubebwa pamoja na watu wazima wanaotaka kuogelea, kaskazini inafaa.

Jipe usiku mmoja mjini wakati wa kwenda au wa kurudi. Kushuka kwenye boti na kuanza papo hapo safari ya gari ya saa moja au zaidi hadi Nungwi au Paje, mtoto akiwa hajala na hajalala, ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Hatua ya 3: Nunua tiketi, na hakikisha kila mtoto ameandikwa

Nunua tiketi katika ofisi ya kampuni ya boti au katika tovuti yake. Nje ya bandari utakutana na vishoka watakaokuambia kwamba nafasi zimekwisha ila wao wanazo. Usimpe yeyote kati yao fedha wala kitambulisho chako.

Hata kama mtoto wako ni wa kupakatwa na nauli yake ni ndogo au haipo, sisitiza jina lake liandikwe kwenye orodha ya abiria. Sisemi hivi kwa kupenda makaratasi. Meli ya MV Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na idadi halisi ya waliokuwamo ilibishaniwa baadaye. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Boti za leo ni nyingine, lakini wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto amehesabiwa umebaki kuwa wa mzazi. Ukifika kwenye chombo chochote na kukikuta kimejaza hadi watu wanakaa njiani, una haki ya kutopanda.

Hatua ya 4: Gawa zamu kabla ya kutoka nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hatua nyingine zote zinaegemea hii.

Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu tulilala katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Tulikuwa watu wazima watano mezani, tunakula samaki na kucheka. Aliteremka kwenye kiti, akapita nyuma yetu, akafungua kijilango ambacho hakikuwa na komeo, na tulipomwona alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pili ya bwawa la kuogelea, maji yakimfika kifuani, akizungumza na boya. Hakupata dhara lolote. Lakini nilipouliza nani alikuwa akimwangalia, kila mmoja alimtaja mwenzake. Tungekuwa wawili tu, nina hakika mmoja wetu angekuwa naye.

Tangu siku hiyo tunatumia filimbi yenye kamba. Anayeivaa shingoni ndiye mwenye zamu: hashiki simu, hasomi, halali, hanywi pombe, na haendi msalani kabla ya kuivua na kumvisha mwingine huku akimtaja mtoto kwa jina. Zamu moja isizidi nusu saa mkiwa kwenye maji na saa moja mkiwa nchi kavu, kwa kuwa jicho huchoka. Ikiwa watoto ni wawili na wote hawajui kuogelea, filimbi ziwe mbili wakati wa kuoga.

Kuna mambo mawili ambayo watu hukosea hapa. La kwanza ni kumpa zamu mtoto mkubwa. Dada wa miaka tisa ni mtoto, na si haki kumtwisha uhai wa mdogo wake. La pili ni kumwachia dada wa kazi kila kitu bila kumwuliza kama anajua kuogelea. Mara nyingi naye anaiona bahari kwa mara ya kwanza, anaiogopa, na hatasema mpaka aulizwe.

Hatua ya 5: Pita bandarini bila kumwachia mtoto mkono

1. Fika angalau saa moja na nusu kabla ya boti kuondoka. Barabara ya Dar es Salaam ya kuelekea bandarini Kivukoni haitabiriki asubuhi.
2. Mpige mtoto picha ya mwili mzima kabla ya kushuka kwenye gari, ili ukihitaji kueleza alivyovaa usitegemee kumbukumbu.
3. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka, au mvalishe kikuku chenye namba hiyo. Jina lake usiliandike mahali panapoonekana, kwa kuwa mtoto humwamini haraka mtu anayemwita kwa jina.
4. Mfundishe jina lako kamili. Akipotea katika umati na kuita "Mama!", watageuka wanawake ishirini.
5. Mtoto wa chini ya miaka mitatu abebwe mgongoni kwa mbeleko au kifuani kuanzia langoni hadi kwenye kiti. Makuli watakuja kuishika mizigo yako. Patana bei na mmoja tu, mpe mabegi makubwa, nawe ubaki na mkoba wa nyaraka na dawa.
6. Umati unaposukumana kwenye ngazi ya kuingilia, kaa pembeni na usubiri. Kuingia wa mwisho hakumdhuru mtu mwenye tiketi.

Hatua ya 6: Vukeni

Safari huchukua takriban saa mbili. Keti sehemu ya katikati au ya nyuma, tabaka la chini, ambako boti huyumba kidogo kuliko mbele na juu. Mvalishe mtoto sweta, kwa kuwa viyoyozi vya ndani hupuliza baridi isiyotarajiwa na mtu aliyetoka kwenye joto la Dar es Salaam. Kabla hamjatulia, tafuta kwa macho yalipo majaketi okozi na milango ya dharura, na umwulize mhudumu majaketi ya watoto yako wapi. Usione haya kuuliza. Ni kazi yake.

Kuhusu kutapika, watoto wa chini ya miaka miwili kwa kawaida hawasumbuliwi sana na kichefuchefu cha safari; wa miaka mitatu na kuendelea ndio husumbuka. Mpe chakula chepesi kama saa moja na nusu kabla ya kuondoka: kipande cha mkate mkavu au ndizi, si chipsi mayai wala maziwa mengi. Ndani ya boti asitazame simu wala kitabu. Akianza kunyamaza, kupauka na kupiga miayo, mpeleke mahali penye hewa na upeo wa macho, umwambie atazame mbali, huku umemshika kiunoni na mkiwa mbali na ukingo. Wahudumu hugawa mifuko ya kutapikia. Chukua miwili mapema. Onyo: usimpe mtoto dawa ya kuzuia kutapika ya mtu mzima iliyokatwa nusu, na dawa zenye promethazine hazifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Wakati wa kusi, safari ya kurudi Dar es Salaam mara nyingi huyumbisha zaidi kuliko ya kwenda, kwa sababu boti huuelekea upepo. Ikiwa mtoto alitapika wakati wa kwenda, jiandae mara mbili.

Hatua ya 7: Kutoka Malindi, bandari ya Unguja, hadi chumbani

Panga teksi au Noah kabla ya kuvuka, kwa mtu aliyependekezwa na mwenye nyumba mtakayofikia. Teksi nyingi hazina kiti cha mtoto. Kama unacho, vuka nacho, kwani kitakufaa kuliko nusu ya nguo ulizofungasha. Usipokuwa nacho, watoto wote wakae nyuma, mkanda usifungwe kwa kumzungushia mzazi na mtoto kwa pamoja, na dereva aambiwe mapema kwamba hamna haraka. Bodaboda na mtoto mdogo ni jambo ambalo silijadili.

Mkifika, mizigo ibaki mlangoni kwanza. Piga magoti ili macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto, kisha kagua: soketi za umeme zilizolegea, ndoo zenye maji bafuni (mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuzama kwenye ndoo), dirisha la ghorofani lisilo na nondo, ngazi za nyumba kongwe ambazo huwa na mwinuko mkali, na njia inayokwenda kwenye bwawa. Kama kijilango cha bwawa hakifungi, omba chumba kingine. Funga chandarua na kagua matundu yake. Onja maji ya bomba kwa ncha ya ulimi: sehemu nyingi za pwani maji ya visima yana chumvi, hivyo ya kunywa, ya uji na ya maziwa ya mtoto yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Hatua ya 8: Ufukweni

Siku ya kwanza msiingie majini mara moja. Kaeni mchangani robo saa mkiyatazama maji yanavyokwenda. Tupa kifuu au jani ulione linaelekea wapi. Likivutwa haraka kwenda nje au pembeni, hapo si mahali pa mtoto. Waulize wenyeji, hasa kina mama wanaolima mwani katika pwani ya mashariki, kwa kuwa wanalijua kila shimo na kila mwamba. Fukwe nyingi za Unguja hazina waokoaji, kwa hiyo mwokoaji ni wewe.

Kanuni za majini nizitaje kwa ufupi. Mwenye zamu awe ndani ya maji pamoja na mtoto, umbali usiozidi urefu wa mkono wake. Kukaa kwenye kiti mchangani na kutazama si kulinda. Mtoto avae nguo ya kuogea ya rangi ya machungwa, nyekundu au ya waridi kali, kwa maana ya buluu na nyeupe hupotea machoni mara anapokuwa chini ya maji. Maboya ya kupuliza ni vitu vya kuchezea na si vya kuokolea. Upepo wa nchi kavu ukivuma, huondoka na mtoto haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Na ujue kwamba mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono: hunyamaza. Duniani kote, watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaokufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko umri mwingine wowote, na mara nyingi mtu mzima alikuwa hatua chache tu kutoka walipokuwa.

Maji yakikupwa, mwendo wa vidimbwini ni furaha kubwa, mradi kila mtu avae yeboyebo. Kwenye miamba na majani ya bahari kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu ambayo hukatikia kwenye unyayo. Mfundishe mtoto kutazama kwa macho na kutogusa konokono wa baharini hata akiwa mzuri vipi, kwa kuwa baadhi yao wana sumu. Weka saa ya kurudi kabla hamjaondoka. Kwenye uwanda tambarare maji hurudi kimyakimya, yakipitia kwanza kwenye mabonde yaliyo nyuma yenu, na mliosimama kwenye kifungu cha mchanga mnaweza kujikuta mmezungukwa.

Jua ni hatari ya pili. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri watoto wawe kivulini au ndani. Losheni hupakwa upya kila baada ya saa mbili na kila mara mtoto anapotoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua. Anayekwambia vinginevyo hajalala na mtoto aliyeungua mabega. Mashimo ya kuchezea mchangani yasizidi kina cha magoti ya mtoto, kwani kingo zake hubomoka na kufunika.

Safari za kutazama matumbawe kwa mashua, kama vile za kisiwa cha Mnemba, ziahirishe mpaka watoto wawe wanaogelea kweli.

Hatua ya 9: Mjini na visiwani

Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe inayouzwa vyakula jioni, ni jioni nzuri kwa familia. Nendeni mapema, jua linapozama, kabla umati haujajaa. Kuleni kilichopikwa mbele ya macho yenu, kikiwa cha moto. Juisi yenye barafu na saladi iliyokaa viwacheni. Vijana wa makachu, yaani mchezo wa kujirusha baharini, wataruka kutoka ukutani kwa mbwembwe, na mtoto wako atataka kuwasogelea. Ukuta ule hauna kizuizi, kwa hiyo tazameni mkiwa mmemshika mtoto mkono, hatua kadhaa nyuma.

Kisiwa cha Changuu kiko mwendo wa karibu nusu saa kwa mashua, na kobe wake wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, huwavutia watoto kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwaonyesha. Usipande mashua isiyo na majaketi okozi yanayowatosha watoto. Kuwa nayo chini ya kiti hakutoshi, yavaliwe. Kobe apewe jani kwa urefu wake wote ili vidole vibaki mbali na mdomo, na mikono ioshwe kwa sabuni mara baada ya hapo, kwa kuwa kobe hubeba vijidudu vya kuharisha. Msitu wa Jozani nao unafaa asubuhi. Kima punju wasishikwe wala wasilishwe.

Nguo za kuogea ni za ufukweni tu, si za mjini. Ukisafiri katika Ramadhani, watoto wale na kunywa kama kawaida, ila wapeleke ndani au mahali pa faragha, nawe usile mbele za watu mchana.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto amepotea.* Mtu mmoja abaki mahali mlipoachana, wengine watafute, na wa kwanza kukimbia aelekee kwenye maji, hata kama unaamini hakwenda huko. Taja rangi ya nguo kwa sauti kubwa. Usipompata ndani ya dakika chache piga 112 kwa polisi. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto na haitozwi.

*Ametolewa majini na hapumui.* Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo; hilo ni kosa lililozoeleka na hupoteza dakika za uhai. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha bonyeza kifua mara 30 na pumzi 2, mkiendelea bila kuacha huku mwingine akitafuta gari. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Mjini ipo Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kaskazini ipo Kivunge, na kusini Makunduchi. Jifunze tendo hili kwa mikono kabla ya safari. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza.

*Amechomwa miiba.* Toa kwa kibano ile inayoonekana, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, uyajaribu kwanza kwa kiwiko chako, kwa nusu saa au zaidi. Wenyeji watakushauri utomvu wa papai. Kwenye ngozi laini ya mtoto mimi siutumii. Mwiba ulioingia kwenye kiungo ni wa daktari.

*Amewashwa na yavuyavu, kiumbe wa baharini aliye laini kama ute.* Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, wala usisugue. Akivimba uso au kupumua kwa shida, hospitali mara moja.

*Anaharisha.* Anza ORS siku hiyo hiyo, kwa vijiko na kidogo kidogo, ukisoma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachohitajika. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata akipona kesho yake. Anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakizama, akikosa mkojo kwa saa sita, au kukiwa na damu kwenye choo, usisubiri asubuhi.

*Bahari imechafuka siku ya kurudi.* Ahirisha kwa siku moja kama unaweza. Ndiyo maana sishauri kurudi Jumapili jioni kwa mtu anayeingia kazini Jumatatu.

*Ana homa baada ya kufika nyumbani.* Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari ipimwe malaria. Ni kweli kwamba Unguja imepunguza sana ugonjwa huo, lakini haujaisha, na mbu wa Dar es Salaam hawajui kwamba ulikuwa likizo. Mweleze daktari mlikolala na tarehe mlizokuwa huko.